Tuliposa Pikapu Mbili Siku Moja

Kabla hamjaniambia rangi ya gari mnalotaka kununua, wanangu, niambieni kwanza litaugulia wapi. Mnacheka. Chekeni tu. Nami nilicheka nilipoulizwa swali hilo mara ya kwanza, nikiwa nimeegemea dirisha la stoo ya vipuri. Nilidhani mzee aliyeniuliza ameanza pombe ya ndizi kabla ya chai.

Siku hizi mnanijia na simu zenu. Mnanionyesha picha: hili, Bibi, lina garanti ya miaka mitano, hili miaka saba. Nawatazama vidole vikiteleza juu ya kioo na moyo wangu unafurahi, maana kijana wa Rubavu anayechagua gari jipya kabisa, lenye harufu ya kiwandani, ni jambo ambalo sisi tuliliota tu. Lakini hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kuniuliza garanti hiyo inakufaje. Miaka yake mnaijua, ugonjwa wake hamuujui. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia.

Mimi nilikuwa magazinye. Hilo ndilo jina watu wa Gisenyi, mji wetu huu wa Rubavu, walinipa, wakilitoa kwenye Kifaransa. Kwa Kiswahili changu nilikuwa mtunza stoo ya vipuri katika gereji moja nyuma ya soko. Nilikuwa nimerudi kutoka Karagwe, Tanzania, na Kiswahili cha shule, na miezi ya mwanzo wateja walikuja dirishani kunisikiliza tu. "Mwambie aseme tena 'tafadhali'," walinong'onezana. "Iko anasema kama redio!" Mimi nami nilihangaika nao. Mtu akiomba resori yenye majani manne nilimkodolea macho, hadi nilipofundishwa kwamba resori ni springi, na majani ni vile vyuma bapa vinavyolaliana chini ya gari la mizigo na kulibeba mgongoni.

Dirisha lile lilikuwa shule yangu. Sikuhitaji kutoka nje kujua dunia inaendaje. Wakija wengi wa klachi, nilijua mvua imenyesha Kanama na magari yanapanda vilima kwa kuteleza. Wakija wa resori, nilijua viazi vimekomaa Mudende. Wakija wa shokapu, basi mtu alikuwa amevuka kwenda Goma, kwenye zile barabara za mawe meusi ya volkano, ambako gari hutembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Mji mzima ulipita mbele yangu vipande vipande, umepakwa grisi, nami nilijifunza kuupenda kwa namba za vipuri vyake.

Mzee aliyeniuliza swali lile aliitwa Papa Deo, mkuu wa gereji. Alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ilitoka chini ya magari kabla yeye hajatoka. Magari mapya yalipoanza kuonekana tena mjini baada ya vita, watu walimletea vitabu vya garanti kama wagonjwa wanavyoleta picha za mifupa. Yeye hakuanza ukurasa wa kwanza kamwe. Alikifungua kitabu kwa nyuma.

"Mbele wanaandika mapenzi," aliniambia. "Nyuma wanaandika talaka. We soma talaka kwanza, Mtanzania. Ukiona unaweza kuishi nayo, ndipo urudi kusoma mapenzi."

Nyuma ndiko kulikoandikwa ambavyo garanti haiponyi: klachi, breki, mikanda, matairi, balbu, mpira wa waipa, kila kitu kinacholika kwa kutumiwa. Nyuma ndiko kulikoandikwa pia mambo yanayoiua. Tukipata muda tulikaa juu ya matairi tukalinganisha vitabu viwili, yeye akisoma Kifaransa, mimi nikiuliza. Hapo nikaanza kuona kwamba garanti mbili zinaweza kuwa na miaka sawa na zisiwe ndugu hata kidogo.

Nitawapa mfano mmoja wa kuchekesha. Bwana Welari, muuza vitambaa, alinunua gari dogo la kutembelea, jipya. Alilipenda gari lile kuliko alivyoipenda sauti yake, na Bwana Welari aliipenda sauti yake. Alilifunika shuka la maua. Alilitoa Jumapili, akalipeleka kanisani polepole, akalirudisha, akalifuta vumbi kwa leso ya mfukoni. Kitabu chake kilisema apeleke gari kwa huduma ya kwanza likifika kilomita kadhaa, au ikipita miezi sita, lolote litakalotangulia. Yeye alitazama kilomita. Kilomita hazikusogea! Alizitazama kwa furaha, kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala. Miezi sita ikapita chini ya shuka. Giaboksi ilipoanza kunguruma alikwenda Kigali kwa aliyemuuzia, na aliporudi alisimama dirishani kwangu, kofia mkononi.

"Imekufa, Magazinye," alisema. "Garanti yangu. Imekufa kitandani, imefunikwa shuka."

Papa Deo alicheka mpaka akakosa pa kushika, akaketi kwenye beseni la oili. Bwana Welari alimtazama akiinuka na suruali inadondosha oili nyeusi, naye akaanza kucheka, na siku ile tukamchaji nusu ya kazi kwa sababu hatukuwa na nguvu ya kuandika.

Basi mkilinganisha, wanangu, ulizeni vyote viwili, kilomita na miezi. Kimoja kikilala kingine kinatembea.

Lakini kilichoua garanti nyingi zaidi Gisenyi hakikuwa shuka. Kilikuwa ni desturi. Miaka ile hakuna mtu aliyenunua pikapu mpya akaipeleka kazini moja kwa moja. Kwanza aliipeleka kwa fundi wa resori, karibu na mpaka mdogo wa kwendea Goma, ikaongezwe majani. Ilikuwa kama kumtahiri kijana. Pikapu isiyoongezwa majani ilionekana haijakua. Watoto waliifuata barabarani wakiizomea. Walioiunda kule ng'ambo walikuwa wamepima uzito wake kwa hesabu zao, lakini hawakuwahi kuona gunia la viazi la Mudende, ambalo hufungwa likishajaa na kisha hushonewa kofia ya nyasi ili lijae tena. Kwa hiyo tuliongeza. Na kila kitabu cha garanti nilichowahi kukiona kilisema, huko nyuma kwenye talaka: mwenye gari asibadilishe kitu.

Sasa niwaambie habari ya Mama Furaha.

Alizaliwa Goma, akarudi Gisenyi na watoto wake, na kila asubuhi alivuka mpaka akiwa na viazi na kurudi akiwa na vitenge. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanawake waliouza viazi vya Mudende ng'ambo. Walikodi malori ya watu, na mwenye lori akipata mzigo mnono zaidi aliwaachia viazi vyao kando ya barabara vikachipua. Wakachanga, wakanunua pikapu ya zamani. Ikafia kwenye mlima wa Mudende mwezi ule ule, na nusu ya wanawake wakajitoa. Waliobaki, Mama Furaha aliwaapia mbele ya Mungu na soko zima kwamba mara hii watanunua mpya, yenye garanti, na kwamba hii ikiwafia atajiuzulu na kurudi kubeba gunia kichwani. Hakusema kwa utani. Kichwa chenyewe kilikuwa kimeanza mvi.

Barabara ya Kigali ilikuwa imeanza kupitika tena bila watu kuagana kana kwamba wanakwenda vitani, na wauzaji wawili wa magari wakakubali kuleta pikapu zao Gisenyi ili akina mama wachague. Mmoja aliuza nyeupe, garanti miaka mitatu. Mwingine aliuza ya bluu, garanti mwaka mmoja. Mnaona wenyewe, ni nani angehitaji kufikiri? Mimi sikuhitaji. Nilimwambia Mama Furaha siku ile ile, chukua nyeupe.

Alikwenda kumuuliza Papa Deo. Papa Deo akakataa kujibu.

"Hii kampuni ya bluu wamekuja kwangu," alimwambia. "Wanataka gereji yangu ifanye kazi zao za garanti hapa Gisenyi. Donc nikikwambia nunua bluu, utasema Deo amejisemea. Nikikwambia nunua nyeupe, nitakuwa mjinga. Uliza mwenyewe."

"Nitauliza vipi? Mi sijui mambo ya gari, Papa."

"Umeoza mabinti wangapi?"

"Wawili."

"Basi unajua kuuliza."

Nikamwona Mama Furaha uso unafunguka. Na ndivyo ilivyokuja kuwa, wanangu, kwamba uani pa gereji yetu tukafanya posa, gusaba kamili, benchi mbili zikitazamana, kreti za fanta, kibuyu cha pombe ya mtama na mirija yake. Upande mmoja walikaa akina mama, wakwe waombaji, wamevaa mishanana, yale mavazi ya harusi ya kufungwa begani. Upande wa pili waliwakalisha wauzaji wawili, kila mmoja baba wa binti yake. Hakuna aliyewahi kuposa mabinti wawili kwa kikao kimoja, lakini Mama Furaha alisema magari hayana wivu.

Muuzaji wa nyeupe aliitwa Eriki, kijana aliyerudi kutoka Uganda, tai yake nyekundu, viatu vinang'aa. Alipoelezwa kiti chake alishtuka.

"Lakini Mama, mimi sijaoa hata mke mmoja!"

"Bon, utaanzia kuwa baba mukwe," Mama Furaha alimjibu. "Kaa chini."

Wa bluu aliitwa Bwana Anastazi, mzee mnene mwenye macho ya usingizi. Yeye alikaa bila kuuliza, akaomba sahani.

Msemaji wa akina mama alikuwa Bibi Verediyana, mkulima wa Mudende. Maisha yake yote kwenye posa wanaume ndio waliosema, naye alikaa nyuma yao akiwasahihisha kwa kukohoa. Siku ile alikuwa na kiti cha mbele. Alisema Kinyarwanda cha zamani, kilichonyooka kama fimbo, nami niliwekwa kumtafsiria Eriki pale alipopotea.

"Tumesikia mna mabinti," alianza. "Tumesikia wazuri. Uzuri tumeuona, hatukuja kwa huo. Baba wa nyeupe, binti yako akiugua kwetu mlimani, tumlete wapi?"

"Kigali," Eriki alisema. "Kwenye karakana yetu. Mafundi wazuri sana."

"Aje kwa miguu yake?"

Eriki alifungua kitabu. "Mteja ndiye anayelifikisha gari."

"Yaani mgonjwa mahututi ajilete mwenyewe hospitali!" Bibi Verediyana aliwageukia wenzake, na benchi zima likasema, "Yooo!" kwa huruma, kama kwenye posa ya kweli.

"Na baba wa bluu?"

Bwana Anastazi alimeza kwanza. "Hapa hapa. Kwa Deo. Kikikosekana kipuri nitakituma kwa basi."

"Akivuka kwenda kumsalimu shangazi yake Goma, akaugulia huko?"

Hapo nilisimamisha masikio, maana swali hilo hata Papa Deo hakuwahi kuliuliza hivyo. Eriki alisoma, kidole chake kikifuata mstari. Uso ukamlegea. Garanti yake haikuhusika na hitilafu yoyote iliyotokea nje ya Rwanda. Bwana Anastazi alikabidhi kitabu chake kwa Papa Deo amsomee, mikono ilikuwa na mafuta. Kitabu cha bluu kilisema matengenezo yote ya garanti yafanyike ndani ya Rwanda.

"Mmeona?" Papa Deo alisema. "Yule wa nyeupe anasema augue Rwanda. Wa bluu anasema atibiwe Rwanda. Kuugua, augulie anapotaka."

Wanawake waliovuka mpaka kila siku ya Mungu walitazamana. Lakini msidhani waliamua hapo. Miaka mitatu ilikuwa bado imekaa katikati ya ua kama ng'ombe wa mahari, mnono, kila mtu akimtazama kwa pembe ya jicho. "Tatu ni tatu," alisema mmoja. "Mwaka moja inaisha we hujamaliza kuonyesha majirani." Nami kimoyomoyo nilikuwa upande wake.

"Swali la mwisho," Bibi Verediyana alisema. "Kwetu mizigo ni mizito. Tukimwongezea binti nguvu za mgongo?"

"Majani ya resori," nilimfafanulia Eriki.

"Hapana, Mama! Hapana!" Eriki alisimama kabisa. "Mkigusa resori, garanti imekwisha. Siku hiyo hiyo. Yote. Miaka mitatu yote."

"Na kwangu ni hivyo hivyo," Bwana Anastazi alisema, "mkiongeza kwa hawa mafundi wa mpakani. Ila ziko resori nene za kiwanda. Mkitaka, fundi wetu anaziweka kabla sijawakabidhi gari, na inaandikwa kitabuni na kupigwa muhuri. Hapo mimi sina neno."

Mama Furaha aliinua mkono. Nilijua sauti ile, ya mtu anayejishawishi.

"Bon. Tutabeba kidogo kidogo. Nitamwambia Kazungu asiongeze jani hata moja. Kazungu ni mudogo wangu, iko ananisikiliza."

Kazungu ndiye aliyekuwa dereva mteule, kaka yake mdogo, mtu mzima mwenye ndevu na furaha nyingi kuliko subira. Asubuhi ile alikuwa ameomba ufunguo wa nyeupe ili ajaribu mlima wa Rugerero, na Eriki alimpa. Ilikuwa sasa saa ya chakula, na maharage yalikuwa yanapita, ndipo tuliposikia honi. Honi ndefu, ya harusi. Geti likafunguliwa na nyeupe ikaingia.

Iliingia ikiwa imeinua makalio. Sina namna nyingine ya kuwaambia. Mbele ilikuwa chini na nyuma ilikuwa juu, kama mbuzi anayeshuka ngazi. Kazungu aliruka nje, amevua shati, grisi hadi kiwikoni, anang'aa.

"Dada! Nimekuongezea majani mawili kila upande! Nimelipa mwenyewe, ni zawadi! Sasa iko gari!"

Nyuso zetu zilimfikia moja moja, na furaha yake ikashuka taratibu.

"Nini? Ulisema asubuhi tunachukua nyeupe. Si ulisema, Dada?"

Eriki alikaa chini. Kijana yule alikuwa amegeuka rangi ya karatasi. Gari halikuwa la akina mama bado. Lilikuwa la kampuni yake, naye ndiye aliyetoa ufunguo. Mama Furaha alikuwa amesimama, mikono kichwani, mahali pale pale ambapo gunia lingekaa. Kama Eriki angesema, mmeliharibu, lichukueni hivyo hivyo bila garanti, chama kingekufa uani kwetu, mbele ya maharage.

Bibi Verediyana ndiye aliyesogea kwanza. Alichukua kibuyu, akapiga magoti mbele ya kijana wa tai nyekundu, pole pole, kwa magoti yake ya miaka mingi.

"Baba mkwe," alisema, "tumekuja na aibu. Tulikuwa tunaongea, na kijana wetu amemtorosha binti kabla ya kupewa. Mambo haya hutokea. Baba zetu walipotoroshewa mabinti waliletewa pombe ya kuomba msamaha, na hasira ikanywewa. Kunywa, mwanangu. Halafu tuambie kama katika kitabu chako kuna mahali pa kumsamehe kijana."

Kisha Bwana Anastazi akaanza kutikisika kwa kicheko, mdomo umejaa viazi, na akina mama wakafuata, na Eriki akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Alivuta mrija. Akaujaribu tena.

"Ni kali," alisema.

"Ni ya msamaha," Bibi Verediyana alimjibu. "Ya posa ni tamu zaidi."

Papa Deo alikuwa ameshaingia chini ya gari. Sauti yake ikatoka: "Hakuna kilichochomelewa! Boliti tu na majani. Inatoka yote, inarudi kama ilivyozaliwa." Na Eriki akakishika tena kitabu, akakisoma, mara hii peke yake, midomo ikicheza. Alipoinua kichwa macho yalikuwa mengine.

"Garanti inaanza siku gari linapokabidhiwa kwa mnunuzi," alisema. "Halijakabidhiwa. Kwa hiyo haijaanza. Sasa itakufaje, kama haijazaliwa?"

Vigelegele vilipasuka. Eriki aliinua mkono. Alikuwa kijana mwaminifu, na mpaka leo namheshimu. Alisema hii aliyoileta haitauzwa kwa mtu yeyote mpaka irudi Kigali ikaguliwe, na kwamba atamweleza bosi wake mwenyewe, kwa mdomo wake. Lakini kama akina mama bado wanataka nyeupe, atawaletea nyingine, mpya, na miaka mitatu yake kamili.

Basi wote wakamgeukia Mama Furaha. Alikuwa amemkamata Kazungu sikio, kwa upole, kama mtu anayeshika kitu chake.

"Mi nilitaka nyeupe," alisema. "Soko muzima inajua. Nimeota nayo. Lakini angalieni huyu. Munadhani Kazungu ni mubaya? Kazungu ni sisi. Leo yeye ameongeza majani kwa sababu ananipenda. Kesho we, Mama Sifa, utavuka nayo Goma sababu muteja anakungoja. Kesho kutwa mutu atasahau Kigali. Hii garanti ya miaka tatu ni ya watu wengine, watu wanaishi na barabara ya lami na magunia ndogo. Kwetu imeshindwa kufika saa ya chakula!" Alimwachia Kazungu sikio. "Nipeni ile ya mwaka moja. Ile inaweza kuishi na sisi."

Nilikuwa nimeshika sinia la bilauri na nikasahau kuliweka chini. Vitabu vingapi nilikuwa nimevilinganisha na Papa Deo, mstari kwa mstari, na sikuwahi kuweka mezani kitabu cha tatu, kile ambacho hakijaandikwa: namna wenyewe wanavyoishi. Tangu siku ile, mtu aliponijia dirishani kuuliza garanti ipi ni nzuri, mimi nilimuuliza yeye kwanza. Unabeba nini? Unalala wapi? Ndugu zako wako upande gani? Una mdogo wako anayekupenda sana? Wengine walidhani nawatafutia mchumba.

Resori nene zikawekwa na fundi wa kampuni, zikaandikwa kitabuni, muhuri juu yake. Hilo nalo lishikeni: ahadi tamu ya mdomoni iandikwe kitabuni mbele yako, muuzaji angali anatabasamu. Akiisha kupokea pesa, kumbukumbu yake hupungua kama betri. Eriki alikuwepo siku ya kukabidhi. Alikuja kwa basi, kwa nauli yake, akasema baba mkwe aliyekataliwa naye ana haki ya kula.

Leo naona magari yenu yanaunganishwa waya na kompyuta inasema ugonjwa wake kabla fundi hajanawa mikono. Naona garanti inafutwa na mashine iliyoko nchi nyingine, inayojua ulikanyaga mafuta kiasi gani. Sina chuki nayo. Papa Deo angeipenda mashine ile, angeitukana kila asubuhi kwa mapenzi. Ila hata hiyo haitakuuliza kama utabeba viazi.

Bluu ilifanya kazi. Ilipanda Mudende na kushuka, ilivuka mpaka na kurudi, na wanawake waliokuwa wamejitoa wakaanza kupita karibu na Mama Furaha sokoni, wakisifu vitenge vyake bila sababu. Kisha, mwaka ukiwa haujaisha, asubuhi moja, ikazimika katikati ya Goma na haikuwaka tena. Habari ilitufikia kabla ya gari. Mimi na Papa Deo tulitembea hadi mpakani, na tukawaona wakija.

Waliisukuma. Chama kizima, na wauza nyanya wa Goma waliojiunga njiani, vitenge vimefungwa kiunoni, wanaimba wimbo wa harusi, Kazungu kwenye usukani kama bwana harusi mwenye wasiwasi. Askari wa mpakani alijitokeza akainua kiganja.

"Mama, munaingiza nini?"

"Mugonjwa," Mama Furaha alisema, akihema. "We fungua kizuizi. Akishakanyaga Rwanda atatibiwa bure."

"Nani alisema?"

"Iliandikwa! Iko na muhuri!"

Askari alitutazama, akaitazama pikapu, akafungua kizuizi, na kisha, wanangu, akaweka bega lake nyuma na kusukuma pia.

Ilikuwa pampu ya dizeli. Kipuri kile kilikuwa na bei ambayo hata mimi sikupenda kuitamka. Papa Deo alimpigia simu Bwana Anastazi, na pampu mpya ikaja kwa basi la siku iliyofuata, kwenye boksi lililofungwa kamba. Mama Furaha alikuwa dirishani kwangu tangu tulipofungua. Alikuwa ameshika pochi yake kwa mikono yote miwili kifuani, na nyuma yake walisimama wenzake, wametulia kama watu walio nje ya chumba cha kujifungulia. Ilikuwa siku ya kujua kama waliahidiwa kitu au waliimbiwa tu.

Nilifungua boksi. Nililinganisha namba ya pampu na ile iliyokuwa kitabuni. Nikapiga muhuri, nikaisukuma pampu juu ya kaunta, mikononi mwa Papa Deo, naye akaondoka nayo kuelekea kwenye gari.

Mama Furaha alibaki pale pale. Pochi bado kifuani.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe nini, Mama?"

"Mi nafanya nini sasa?"

"Hakuna. Unangoja ifungwe, unakwenda na gari lako."

Alisogeza uso karibu na dirisha na kushusha sauti, kana kwamba tukisikika tutaharibu kitu.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Aligeuka kuwatazama wenzake. Alitaka kusema, nikaona midomo inacheza, lakini Bibi Verediyana alikuwa ameshafunua koo, na kigelegele chake kikapita juu ya mabati ya soko, kikajibiwa na wauza samaki, na wauza mkaa, na watu ambao hawakujua hata kidogo walikuwa wanashangilia nini.